Ndege Isiyotua Njiani

Parañaque, 28 Machi 1994

Mdogo wangu Perlita,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Arsenio na Jing wetu. Sisi huku tunakwenda hivyo hivyo. Joto limeanza mapema mwaka huu, na paka wa Mama amezaa tena chini ya ngazi, watoto watano, wote wana sura ya yule paka dume wa parokia. Mzee Tibo wa jirani anakusalimu. Tangu astaafu kule uwanja wa ndege hana kazi ila kukaa barazani na kuzisema ndege zinazochelewa, kana kwamba bado analipwa.

Arobaini ya Mama tumeisoma Jumanne iliyopita. Watu walikuja wengi, wali ulitosha, na hakuna aliyegombana, jambo ambalo kwa ukoo wetu ni muujiza. Nilimtengea Mama mahali pake mezani, na sahani yake ile yenye picha ya jogoo, samaki mkavu na nyanya kama alivyopenda.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kuandika. Lita, Mama haji.

Unajua wafu wetu hawaondoki kimya kimya. Baba alipokufa, nondo wa kahawia alikaa juu ya picha yake mpaka tukamaliza sala za siku tisa, na taa ya jikoni ilizimika kila tulipomtaja vibaya. Mama je? Hata harufu ya mafuta yake ya kuchua sijaisikia. Nimehamia kitanda chake makusudi, na ndoto siioti. Nyumba iko kimya kama duka lililofilisika.

Ndiyo maana nakuuliza, na usinikasirikie. Ulipotoka mazishini, ulikung'uta msiba? Ulipitia wapi kabla ya kufika kwako? Wewe na mimi hatuna haja ya kukumbushana. Siku ile tulipotoka matangani kwa Nana Osang tukakimbilia nyumbani bila kupitia popote, Mama alitufukuza na mwiko mpaka barabarani. Alisema mtu akitoka kwenye msiba akaenda kwake moja kwa moja, marehemu humfuata nyuma. Akatutuma dukani tukanunue chumvi tusiyoihitaji, ili Nana Osang abaki huko dukani.

Nijibu mapema. Sina raha.

Dada yako,
Senda


Daly City, 30 Aprili 1994

Dada Senda mpendwa,

Barua yako nimeipata, ilichelewa njiani. Sote wazima. Huku ni ukungu tu, asubuhi ukungu, jioni ukungu, nguo nikianika hazikauki mpaka nizifokee. Jing amekuwa mrefu kunipita, na Kitagalogi chetu cha nyumbani sasa kwake ni cha kuombea maji tu. Arsenio mgongo bado unamsumbua. Kazini, kwenye nyumba ya wazee, tumepata bibi mpya, ana miaka tisini na mbili, haniiti kwa jina langu bali kwa jina la binti yake. Nimeacha kumsahihisha.

Nimefurahi arobaini imekwenda vizuri. Nilisali huku saa ileile, nikiwa na sare yangu ya kazi.

Kuhusu uliloniuliza, usijisumbue, Dada. Nilipitia Honolulu kama siku zote. Nilikaa pale uwanjani, nikala tambi, hata hazikuwa na chumvi. Mama amechoka tu, mwache apumzike. Aliumwa miaka mingi.

Nawatumia sanduku mwezi ujao. Blanketi la kijani ni lako, usimpe mtu.

Hivi, ile ndege ya jioni bado inapita mkiwa mezani? Nauliza tu.

Mdogo wako,
Lita


Parañaque, 22 Mei 1994

Perlita,

Hatujambo. Sanduku halijafika. Paka wawili nimewagawa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ina kilomita elfu kumi na moja na mia mbili, nimemuuliza Mzee Tibo, na bado imefika mwisho. Alikuwa hapa jana, nikamsomea barua yako, nilipofika kwenye tambi akacheka. Anasema ndege ya jioni ya siku ile tuliyomzika Mama haitui Honolulu wala popote. Inapanda kaskazini, inapinda karibu na Japani, inavuka bahari yote, inatua San Francisco. Nikamuuliza, huko kupita karibu na Japani hakuhesabiki kuwa umepitia mahali? Akasema, "Binti yangu, kupita juu ya duka si kuingia dukani."

Hata yeye nisingemwamini, maana hujui lini anasema kweli na lini ni pombe inayosema. Lakini Jing amenitumia kadi ya kunishukuru kwa gauni nililompelekea. Mtoto hajui kuficha. Ameandika, nakuandikia kama alivyoandika: "Mama alifika ana njaa, Baba alitaka tusimame tule, Mama akakataa. Hata petroli alikataa. Tulikuja nyumbani moja kwa moja."

Kumbe ulijua. Mtu aliyesahau husahau, lakini mtu anayekataa petroli anajua anachofanya.

Umemchukua Mama, Lita. Umemtoa kwenye nyumba aliyotuzalia ukampeleka kwenye ukungu. Mimi nimekaa naye miaka hii yote. Wewe uliondoka mwaka themanini na moja, sisi tukiwa mezani, Mama akatwambia tuzungushe sahani ili ufike salama, kama inavyofanywa kwa msafiri. Wengine walizungusha mara moja yakaisha. Yeye tangu siku hiyo, kila ndege ikipita tukiwa tunakula, anazungusha sahani. Miaka kumi na tatu nimefuta mchuzi wa ukwaju uliomwagikia kitambaa cha meza kwa ajili yako, na sikulalamika. Nililalamika, lakini nilifuta.

Ndege ya jioni bado inapita, kwa kuwa umeuliza. Hakuna anayezungusha.

Mrudishe.

Senda


Daly City, 9 Agosti 1994

Dada Senda,

Salamu kwako na kwa wote. Nimekaa na barua yako tangu Juni. Kila siku nilisema nitaijibu Jumapili, na Jumapili ikifika napangiwa kazi, au najipangia mwenyewe. Jing nimemgombeza kwa kadi ile, kisha nikamwomba radhi. Blanketi lilifika?

Ni kweli. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya kupitia Honolulu, nikaibadilisha siku ya pili ya matanga, kabla hatujamzika, wewe ukiwa jikoni unawapikia watu. Nilitafuta ndege isiyotua njiani. Arsenio aliponipokea nilimwambia asisimame popote, akafikiri msiba umenipanda kichwani. Tulipofika niliacha mlango wazi nyuma yangu mpaka ukungu ukaingia sebuleni.

Wewe unajua mara ngapi Mama alijipanga kwenye foleni ya viza. Mara tatu, na kila mara viatu vipya. Mara ya mwisho yule mtu wa dirishani alimwuliza atarudi kufanya nini, akajibu, "Kulala kitandani kwangu." Akakataliwa. Alinisimulia kwenye simu huku anacheka, nami nikacheka, tulipokata simu nikakaa chooni kazini nikalia mpaka nikaitwa.

Nilimwandalia chumba, Dada. Kina dirisha. Mara tatu nilikiandaa.

Basi nilipomwona ndani ya jeneza na gauni lake la bluu, nilisema sasa hahitaji viza. Ndilo lililonijia, na unaweza kunichukia kwa hilo. Wewe umekuwa naye maisha yako yote. Mimi nilimpata kwa dakika, tena za simu.

Usiniombe nimrudishe. Naomba, usiniombe.

Lita


Parañaque, 1 Septemba 1994

Lita,

Mvua ilileta maji mpaka ngazi ya tatu, sasa yameondoka. Blanketi lilifika, ni zuri. Paka mkubwa yuko.

Sitaki tugombane tena. Nimezeeka kwa ugomvi huu kuliko kwa umri. Miaka sita nilimgeuza Mama kitandani asubuhi na jioni, nikimwinua kumkalisha mezani, na nikikaa peke yangu nilikuwa nakusema vibaya, kwamba wewe unaosha wazee wa watu na wako kaachiwa mimi. Nisamehe. Mkono uliokuwa unaosha huko ndio uliokuwa unanunua dawa hapa.

Kama yuko kwako, basi yuko kwako. Mtoto wa mwisho huwa na lake. Ila nimekuwa napita chumbani kwake, nakuta kitanda kimetandikwa kama nilivyokiacha, na roho inaniuma, kwamba nilimwosha mimi na hakuniaga.

Niambie tu anaendeleaje. Bado anakohoa alfajiri? Baridi anaiweza? Shali yake aliiacha hapa, iko msumarini. Anafanya nini kutwa?

Huwa ananiulizia?

Senda


Daly City, 30 Oktoba 1994

Dada yangu,

Sote wazima wa mwili. Keshokutwa ni siku ya wafu, mtakuwa makaburini na mishumaa na vyakula. Nisafishie na upande wangu wa kaburi.

Maswali yako nimeyasoma mpaka karatasi imelegea. Ningeweza kuyajibu. Ningeweza kukuandikia kwamba anakohoa kidogo, kwamba anakaa dirishani, kwamba anakuulizia kila siku. Nilianza barua ya namna hiyo, tena nilifika mbali, nikaichana.

Hayupo, Dada. Hajawahi kuwapo.

Tangu Februari naingia kile chumba, nakaa, nasema, "Mama, nimerudi kazini." Hakuna nondo, hakuna harufu, hakuna ndoto. Nimepika samaki mkavu mpaka majirani wakaleta malalamiko. Siku moja nilisikia mtu anakohoa nikakimbia na kijiko mkononi, ni Arsenio. Wewe uliponishtaki kwamba nimemchukua, niliona heri unichukie kama mwizi kuliko ujue kwamba hata mimi amenikataa. Uongo wa Honolulu niliusema kwa kalamu. Huu wa pili niliusema kwa kunyamaza, na ndio mbaya zaidi, kwa sababu uliendelea kumwonea wivu mtu asiye na kitu.

Nimejiuliza nilimpoteza wapi. Makaburini nilimhisi, naapa. Nilitembea nimekunja mkono hivi, kiwiko nje, mahali alipozoea kunishika akivuka barabara, na kiwiko kilikuwa na joto. Kwenye gari kwenda uwanjani, wewe mbele na mimi nyuma, bado kilikuwa na joto. Ndani ya ndege kiti cha kando yangu kilikuwa kitupu, nikakifunga mkanda. Mhudumu aliniuliza kama nataka blanketi la pili, nikachukua, nikalitandaza pale. Saa kumi na mbili hewani nilimwonyesha mawingu, nilimwonyesha jua linavyochomoza kabla ya zamu yake.

Lakini nadhani nilikuwa naongea peke yangu. Kwa sababu sasa nakumbuka, kiwiko kilikuwa kimeshapoa. Kilipoa mlangoni, pale mlinzi anapotaka tiketi na pasipoti, na wasindikizaji wanaachwa nje. Nilifikiri ni kiyoyozi.

Umbali wote huo, Dada. Nilidhani kazi ni kuvuka bahari.

Lita


Parañaque, 20 Novemba 1994

Mdogo wangu wa pekee,

Sisi wazima, kaburi nimelisafisha pande zote mbili, na upande wako nimeweka maua meupe kwa jina lako. Mzee Tibo alikuja akala kuliko wafu wote. Paka ana mimba nyingine, nimeshindwa naye.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika pale mlangoni, nikakaa.

Sikiliza. Siku ile ulipoingia ndani, mimi nilibaki nje kwenye vyuma vya kuzuia wasindikizaji, pale Mama alipokuwa akisimama kila ulipoondoka, mpaka usionekane. Kisha nikakumbuka kwamba natoka mazishini. Mimi ni mtu wa desturi, unanijua. Nikaenda kwenye kile kibanda cha kahawa, nikanunua kikombe nisichokitaka, nikanywa kwa kusimama. Nikakung'uta sketi yangu mara tatu. Niliona nafanya vizuri, kuliko wewe uliyekuwa huna muda. Nikarudi nyumbani mwepesi.

Lita, alikuwa kwenye mkono wako. Mlinzi akataka tiketi, naye Mama hana tiketi, hana pasipoti, na unajua alivyokuwa akiogopa watu wa sare. Akabaki nje na mimi, kama kawaida yake. Nami nikamkung'uta kama vumbi.

Miezi tisa, tunagombania mtu tuliyemwacha sote wawili mlangoni. Wewe ulimtafuta kilomita elfu kumi na moja huko, mimi nikamtafuta chini ya mto wa kitanda, na yeye alikuwa dakika ishirini kutoka hapa, kwenye jua, na viatu vya kuzikiwa. Nililia, Lita, sikulia hivyo hata siku ya mazishi.

Siku ya pili nilichukua shali yake msumarini, na ndara zake, nikaenda. Nilisimama kwenye vyuma katikati ya watu wanaoaga watoto wao. Kila mtu analia lake, hakuna aliyenishangaa. Mahali pale palikuwa na uwazi wa mtu mmoja, na watu walikuwa wanapapita kando bila kujua kwa nini. Nikaweka ndara chini. Nikasema, kwa sauti ya kawaida, "Mama, Lita alifika salama. Twende nyumbani, wali utapoa." Mwanamke mmoja wa pembeni akamvuta mwanawe akasogea.

Nikaita teksi. Nilifungua mlango, nikasubiri kidogo, ndipo nikaingia, nikakaa ukingoni. Dereva akataka kupitia petroli. Nikamwambia, "Ukisimama popote kabla ya kwangu hulipwi." Akasema, "Bibi, tutazimikia njiani." Nikamwambia, "Mdogo wangu alikwenda upande wa pili wa dunia bila kusimama, wewe unashindwa na Parañaque?" Mbele kidogo akazima redio, bila mtu kumwomba, akaendesha taratibu kama anayepeleka mgonjwa. Tulipofika niliteremka nikazunguka, nikafungua mlango wa upande ule.

Jioni nilitenga sahani mbili. Ya jogoo niliiweka kama siku zote, jogoo akitazama kiti, nikapakua wali, samaki mkavu, nyanya na mchuzi wa ukwaju. Nikakaa kwangu nikaanza kula. Sikutazama, kwa sababu kama asingekuwepo sikujua ningekuandikia nini.

Ndege yako ilipita. Ilikuwa chini, vioo vikatetemeka, na mimi mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini, kijiko huku na glasi huku. Nakwambia hili ili usije ukasema ni Senda. Ilipokwisha kupita nikainua macho.

Jogoo alikuwa anatazama mlango. Kitambaa kilikuwa na mchuzi.

Sijakifuta mpaka leo.

Februari, Mama akitimiza mwaka, tunavua nguo nyeusi, nawe utakuja. Tafuta ndege ileile isiyotua. Ukishuka usile tambi, usinunue chumvi, usimsikilize mtu. Njoo moja kwa moja.

Tunakungoja mezani.

Dada yako,
Senda